Ginsi ya Kutunza Chambo Hai Ndani ya Mtumbwi

Maneno ya monitere kwa watu wa vijiji vya Lualaba, tangu Bukama hata maziwa ya Upemba na Kisale



Leo sisemi habari ya mihogo wala ya mahindi. Nasema habari ya kitu kidogo sana, urefu wake kama kidole: samaki mdogo anayetungwa katika ndoana (wengine mnaiita ndobo) apate kumvuta samaki mkubwa. Wako wazee hapa waliotega ndoana kabla mimi sijazaliwa. Sikuja kuwafundisha kuvua. Mnajua kuliko mimi shimo analolala kambale na saa anayotoka. Mimi mtoto wenu nimeleta neno moja tu: kwa nini chambo chenu kinakufa njiani, na mfanye nini kisife, wala ninyi msife pamoja nacho.

Nimekaa bandarini jioni nyingi nikihesabu. Mtu anatoka na samaki wadogo 60 ndani ya bido la manjano. Akifika mahali pa kutega, 40 wamegeuka matumbo juu. Basi anatunga wale waliokufa. Kambale labda atakula. Kambale anakula hata kipande cha sabuni, hana haya. Lakini yule samaki wa meno makali na mistari ubavuni, ambaye watu wa Luapula wanamwita manda, anapenda kitu kinachotembea. Chambo kikilala kama jani, mara nyingi anakipita. Kwa hiyo mtu anarudi ukingoni usiku, anakokota chandarua penye majani kupata chambo kingine. Chandarua hakichagui. Kinachukua wadogo 60 anaowataka, na mamia asiowataka, ambao wangekuwa samaki wa bukari mwaka ujao. Halafu anapiga kafi mara ya pili gizani, katika maji yenye kiboko.

Hesabuni wenyewe. Wadogo wamekufa mara mbili, usiku umekwisha, na kapu la asubuhi halikujaa. Vijana wengi wa hapa wamekwenda kuchimba mawe upande wa Kolwezi na Likasi. Waliobaki ndio wanaolisha nyumba. Na wale wa migodini wenyewe wanangoja samaki wetu. Tangu njia ya treni ilipofika Bukama mwaka 1918, samaki wa maziwa haya wanapanda kwenda kwa watu wa shaba. Kwa hiyo kufa kwa chambo si mchezo wa watoto.

Sasa, kwa nini kinakufa? Wengi wananiambia: «Kimekufa kwa njaa.» Sivyo. Samaki mdogo anaweza kukaa siku nzima bila kula, hana neno. Anakufa kwa kukosa hewa.

Mtu atauliza: «Samaki yuko ndani ya maji, anataka hewa gani?» Ndani ya maji imo hewa iliyoyeyuka, kama chumvi inavyoyeyuka ndani ya mchuzi, huioni lakini imo. Wenye elimu wanaiita oksijeni. Samaki anavuta maji kinywani, anayapitisha katika mashavu, zile nyama nyekundu chini ya kifuniko cha kichwa, na hapo damu yake inachukua hewa. Hewa ile ikiisha, anapanda juu, anafungua mdomo usoni pa maji. Mkimwona hivi msiseme anacheza. Anakufa.

Tazameni vyombo viwili nilivyoviweka chini ya mwembe tangu jua kuchomoza. Hiki ni bido la litri 20, limejaa mpaka shingoni. Hili ni beseni pana, lina litri 20 vilevile. Maji ni ya mto mmoja. Katika kila chombo nimetia tilapia wadogo 60 waliotoka katika mtego mmoja. Mama uliye karibu, tafadhali chungulia, uwaambie wengine. Ndani ya bido wamesongamana shingoni, midomo wazi, na wengine wamekwisha kulala chini. Ndani ya beseni wamechoka kidogo, lakini wanaogelea. Maji ni sawasawa, samaki sawasawa. Tofauti ni nini? Ni mdomo wa chombo. Hewa mpya inaingia katika maji kwa juu tu, pale yanapogusana na upepo. Mdomo wa bido ni mdogo kama kikombe. Mlango ule hautoshi samaki 60. Mdomo wa beseni ni mpana kama ungo.

Basi shika hili: kwa chambo, upana wa maji ni bora kuliko kina chake. Kama huna beseni, chukua bido lile, lilaze ubavu, ukate ubavu wa juu wote uwe wazi. Sasa umepata chombo kizuri, kirefu na kipana, tena kinakaa vizuri katika tumbo la mtumbwi kuliko beseni la mviringo.

Tena wapunguzeni. Hata katika beseni hili 60 ni wengi mno kwa safari ya usiku. Mimi natia samaki 1 wa urefu wa kidole kwa litri 1 ya maji, sizidishi. Najua mtu anaona uchungu kuacha chambo ukingoni. Lakini 20 walio hai wanashinda 60 ambao 40 kati yao wamekufa, na hesabu hii haitaki kwenda shule.

Jua nalo ni adui. Maji ya moto hayashiki hewa nyingi. Usawa wa bahari, maji ya digri 20 yanashika oksijeni karibu miligramu 9 katika litri 1. Maji ya digri 30 yanashika karibu 7 na nusu tu. Huku kwetu, kwa sababu tuko juu ya bahari, inapungua tena kidogo. Na samaki mwenyewe, maji yakipata moto, anapumua mbio na kutaka hewa zaidi. Chakula kinapungua na walaji wanaongeza njaa! Kwa hiyo safirini jioni. Funikeni nusu ya chombo kwa gunia lililoloweshwa, nusu nyingine iwe wazi kwa upepo. Msifunike yote.

Maji yenyewe yabadilishwe. Chambo kinakojoa na kunya ndani ya maji kinamopumua, na uchafu ule unachoma mashavu. Kwa hiyo, siku moja kabla ya safari, wakae ndani ya kikapu mtoni bila kulishwa, matumbo yapate kutoka. Njiani mwaga theluthi moja ya maji, ongeza mengine ya mto, kidogo kidogo. Usimwage yote mara moja, kwa maana samaki akitupwa ghafula kutoka maji ya moto kwenda maji ya baridi anaweza kufa palepale. Tena chukua kata, teka maji ya chombo, uyamimine kutoka juu, kimo cha mkono, mara 20 au 30. Maji yanayoanguka yanashuka na hewa. Kazi hii inafaa kwa mtoto aliyekaa katikati, nayo inamzuia kusinzia.

Lakini angalieni maji mnayoongeza. Yale meusi yaliyotulia chini ya mafunjo msiyatie. Mafunjo yanaoza ndani yake, na kuoza kunakula hewa. Chambo kitakufa upesi kuliko ungekiacha katika maji ya zamani. Tekeni katikati, penye mkondo. Na ninyi mnaokaa karibu na vijito vinavyoshuka kutoka mahali pa kuoshea mawe ya madini: maji yale, hata yakiwa meupe yasiyo na harufu, msiyatie chambo, wala msiyatumie nyumbani. Mkiona kijito kisicho na kiluwiluwi wala kaa wala samaki mdogo hata mmoja, kijito kile kimekwisha kuwapa habari yake.

Na vyombo hali kadhalika. Sisi ni watu wa nchi ya shaba. Hata jimbo letu liliitwa Shaba mpaka mwaka 1997. Lakini shaba ni sumu ya samaki. Sufuria ya shaba, au ndoo mpya ya bati yenye kung'aa ambayo imepakwa zinki, vinatoa kitu kidogo ndani ya maji ambacho wewe hukioni, nacho kinaharibu mashavu ya samaki. Tumieni plastiki, au mti, au chungu. Nayo plastiki iwe imebeba maji au mafuta ya kula tu. Mabido yanayouzwa rahisi kandokando ya migodi yamebeba asidi na dawa za kusafishia mawe. Kuyaosha hakusaidii. Msiyanunue, si kwa chambo, si kwa maji ya kunywa, si kwa pombe.

Kushika samaki: lowesha mikono kwanza. Ule ute unaoteleza mwilini mwake ndio nguo yake. Mkono mkavu unamvua nguo, na magonjwa yanaingia. Aliyekufa mtoe mara moja.

Sasa nasema jambo ambalo kwa ajili yake hasa nimeomba kusema leo. Wako watu ambao hawatumii chombo chochote. Wanasema: «Mtumbwi wangu wenyewe ni beseni. Nitamimina maji ndani ya tumbo lake, samaki wataogelea kati ya miguu yangu.» Ni kweli, chambo kinapenda, maji ni mapana, hewa inatosha. Lakini tuhesabu. Mtumbwi wa meta 6, upana wa ndani nusu meta, ukitia maji ya kina cha sentimeta 5 tu, hayafiki hata vifundo vya miguu. Hayo ni litri 150, na litri 1 ni kilo 1. Tukipunguza kwa sababu mti umeviringana na ncha zake ni nyembamba, bado ni kama kilo 100. Umepakia mtu mwingine mnene.

Na mtu yule si mtulivu. Mtu wa kweli, mtumbwi ukilala upande wa kushoto, anaegemea kulia kuurudisha. Maji yanafanya kinyume. Mtumbwi ukilala kushoto kidogo, maji yote yanakimbilia kushoto, yanaulaza zaidi, na maji ya mto yanaanza kuingia kwa juu. Tangu hapo huwezi kuhesabu mpaka tano. Mama zetu wanalijua jambo hili kuliko sisi. Ndoo iliyojaa inatulia kichwani. Ile iliyojaa nusu inacheza huku na huku na kulowesha shingo. Ndiyo maana mama anaweka matawi yenye majani juu ya maji, yasicheze.

Kabla ya mvua za mwaka jana, vijana wawili ninaowafahamu walitoka hivyo, maji tumboni mwa mtumbwi, chambo kikiogelea. Mtumbwi wa moteri ukapita mbali, hata haukuwaona. Wimbi lake lilikuwa dogo. Mmoja alishika mafunjo hata asubuhi. Mwenzake tulimpata siku ya tatu. Sisemi majina, kwa sababu mama yake yuko hapa pamoja nasi.

Kwa hiyo maji ya chambo yakae ndani ya chombo, na chombo kikae chini kabisa, katikati ya mtumbwi, katika mstari wa mgongo wake. Kisiwekwe juu ya ubao wa kukalia. Kikazwe kwa mafungu mawili ya majani makavu, kila ubavu moja, kisiteleze. Tena vyombo vitatu vidogo vya litri 10 ni bora kuliko kimoja cha litri 30. Katika vidogo maji hayana nafasi ya kukimbia mbali. Na kama samaki wa kimoja wakifa, wa vingine wamebaki. Fanyeni kama mama zetu: wekeni jani moja au mawili makubwa juu ya maji, yapunguze kucheza, lakini sehemu kubwa ibaki wazi kwa hewa. Maji yanayoingia katika tumbo la mtumbwi, ya mvua au ya makafi, mkumbe kila mara. Msiyaache eti yatafaa kwa chambo.

Anayetunga ndoana asisimame. Apige magoti, na mwenzake ashike kafi akitazama mtumbwi, si ndoana. Wote wawili wasiinamie upande mmoja, hata samaki akiwa mkubwa namna gani. Wala msifunge kamba ya beseni mguuni au kiunoni. Nimeona mtu akifanya hivyo asipoteze beseni lake. Beseni linapatikana sokoni.

Ikiwa mtumbwi ni mwembamba sana, kiko kikapu. Wazee wanajua kusuka mgono wa kutegea. Huu ni mgono mfupi usio na mlango wa kudanganya, una kifuniko tu, fito zake zimekaribiana asipite samaki wa kidole. Mkisimama kutega, shusheni kikapu mtoni ubavuni mwa mtumbwi, kifungwe kwa kamba fupi. Hapo mto wenyewe unafanya kazi ya kubadili maji, ninyi mnapumzika. Lakini mkianza kupiga kafi kipandisheni, mtie chambo katika beseni. Kikapu kikikokotwa, maji yanawasukuma samaki nyuma, wanabanwa penye fito, magamba yanatoka, na wanachoka hata kufa. Na mahali penye mamba msishushe kikapu kabisa. Mkono unaoingia na kutoka majini mara kwa mara gizani, mamba anajifunza njia yake.

Mtaniuliza samaki gani anafaa. Mdogo wa kambale ni wa kwanza. Yeye ana kitu zaidi ya wengine: juu ya mashavu yake kiko kiungo cha kuvutia hewa ya juu, kama sisi. Anavumilia maji mabaya ambayo yangewaua wengine, ila lazima apate nafasi ya kupanda kuvuta pumzi. Kwa hiyo bido lililojazwa mpaka kifunikoni na kufungwa linamzamisha, ingawa ni samaki! Mdogo wa tilapia anafuata, naye ni mgumu. Lakini msikokote pale tilapia wanapolelea. Mama wa tilapia wengi wa maji yetu anatunza mayai na watoto kinywani mwake. Mkimpata mdomo umevimba, mrudisheni polepole. Samaki wadogo weupe wenye magamba mepesi, kama chisense wa Mweru au ndagala wa Tanganyika, msijaribu kuwabeba hai. Wakiguswa tu wamekufa. Hao wakaukeni mle.

Chambo kilichobaki asubuhi kirudisheni katika maji kilikotoka, au mleni. Msikipeleke katika mto mwingine wala ziwa lingine. Zaidi sana, tilapia wa mabwawa msiwatumie kama chambo hai hapa. Katika mabwawa mengi wanafugwa tilapia wa Naili, ambao wanakua upesi, ndiyo sababu watu wanawapenda. Lakini katika mito na maziwa mengi ya kusini mwa Afrika walikoingia, wamezaana na tilapia wenyeji na kuwaondoa katika nafasi yao. Samaki mmoja anayeponyoka ndoana hawezi kuitwa arudi.

Hayo yatosha kwa mdomo; yaliyobaki ni ya mikono. Kesho saa moja asubuhi nitakuwa bandarini na kisu cha kukatia mabido. Atakaye aje na bido lake, nalinusa kwanza, kiisha tunalikata. Mzee mmoja amekubali kuwaonyesha vijana kusuka kikapu. Waje na fito mbichi zisizopungua 40 na kamba ya maganda. Jioni tutatia chambo 10 katika kila chombo, tukilaze usiku ndani ya mitumbwi iliyofungwa gatini, na kesho kutwa asubuhi tutahesabu pamoja wangapi wanaogelea.